Maandishi ya Wanafunzi wa Sekondari katika Kazi Mradi: Uhakiki kutoka Mbeya na Iringa

Makusudi ya makala hii ni kuyapima maandishi ya wanafunzi wa shule za sekondari yatokanayo na kazi mradi, hasa katika mikoa ya Mbeya na Iringa, na kuuliza swali moja: kwa nini kijana awezaye kueleza kwa mdomo, tena kwa ufasaha, jambo aliloliona bondeni au mnadani, hupoteza ufasaha huo mara ashikapo kalamu kuandika ripoti ya jambo lile lile? Aghalabu jibu hutolewa upesi, kwamba vijana wa siku hizi hawajui lugha. Makala hii yakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo si la haki, na kwamba sehemu kubwa ya lawama iko kwa wale waliowawekea vijana hao vielelezo vya kufuata.

Neno hili si dogo. Kazi mradi ni karibu mahali pekee katika elimu ya sekondari ambapo mwanafunzi wa miaka 15 au 17 hutakiwa aandike jambo ambalo mwalimu wake halijui. Katika insha ya kawaida mwalimu amekwisha kuwa na jibu moyoni. Katika mtihani msahihishaji anao mwongozo mkononi. Lakini kijana wa Uporoto aandikapo namna viazi vinavyojazwa kando ya barabara, au kijana wa Kilolo aandikapo namna mama yake alimavyo bondeni wakati wa kiangazi, yeye ndiye mjuzi na msomaji ndiye mwanafunzi. Maandishi hayo yakiwa mabovu, si alama tu zipoteazo. Hupotea habari ambayo pengine haina mwandishi mwingine.

I. Asili ya jambo lenyewe

Wataalamu wa elimu hupenda kuhesabu tangu mwaka 1918, William Heard Kilpatrick wa New York alipotoa maandishi yake mashuhuri juu ya kufundisha kwa miradi, akifuata njia iliyokwisha kufunguliwa na John Dewey. Hesabu hiyo si kosa, lakini kwa Nyanda za Juu za Kusini yafaa ikumbukwe kwamba jaribio kubwa la namna hiyo lilifanyika huko huko nyumbani, miaka 10 tu baadaye. Mwaka 1928 ilifunguliwa shule ya Malangali, katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Mufindi, chini ya W. Bryant Mumford. Yeye alitaka shule isimamishwe juu ya desturi za Wahehe, Wabena na Wasangu. Wazee wa kabila waliitwa washauri na kufundisha, ngoma na mchezo wa mikuki viliingizwa katika ratiba, na hata mavazi ya wanafunzi yalifuata mila kuliko Uzungu. Mumford aliieleza shule hiyo katika jarida la *Africa* mwaka 1930, na mwaka 1934 akaandika tena juu ya makabila hayo matatu katika jarida la wanaanthropolojia la Marekani.

Wengi wamelihukumu jaribio la Malangali kwa upande wa siasa, wakiuliza kama halikuwa njia ya kuwafunga vijana katika ukabila ili wasitazame mbali. Hukumu hiyo ina nguvu, lakini kwa mhakiki wa maandishi liko swali jingine. Mzee alisema, kijana alisikia, naye mwalimu akaandika. Tena akaandika kwa Kiingereza, kwa wasomaji wa London na Marekani. Jina la Malangali lajulikana kwa wataalamu kwa maneno ya mwalimu, si kwa maneno ya wale waliovaa mgolole na kurusha mkuki. Hali hii haikutokana na kukosekana kwa mahali pa kuandikia. Gazeti la *Mambo Leo*, lililoanzishwa na Idara ya Elimu mwaka 1923, lilikuwa likipokea barua na mashairi kutoka bara. Lakini katika mpango wa shule yenyewe, desturi ilikuwa kitu cha kutendwa na kijana na kuandikwa na mkubwa wake.

Jaribio la pili lilikuja mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa *Elimu ya Kujitegemea*. Msomaji akikirudia kijitabu hicho ataona kwamba Mwalimu hakutaka mashamba tu. Alitaka wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua, na kazi ya shamba iungane na somo la darasani hata kijana aweze kujua kwa nini jambo hili limefaulu na lile limeshindwa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likakaza nia hiyo, na likafuatwa na utaratibu wa kupima maendeleo ya mwanafunzi siku kwa siku badala ya kutegemea mtihani wa mwisho peke yake. Lakini katika shule nyingi jembe liliingia bila ya kalamu. Shamba lilipaliliwa alasiri, insha iliandikwa asubuhi, na hivyo viwili havikujuana. Mwanafunzi alijua uzito wa jembe na alijua pia kuandika insha juu ya faida za kilimo. Hakuombwa aandike kwa nini mahindi ya tuta la tatu yalinyauka.

Jaribio la tatu ndilo la sasa. Mtaala wa 2005 ulitaka mwanafunzi ajengewe uwezo wa kutenda, na mtaala ulioboreshwa wa 2023 umeyakaza hayo zaidi. Tangu mwaka 2011 liko pia shirika la Young Scientists Tanzania, ambalo huwasaidia wanafunzi wa sekondari kufanya uchunguzi wao na kuuonyesha mbele ya watu Dar es Salaam. Basi safari hii kalamu haikusahauliwa, ripoti yatakiwa. Ndiyo maana inafaa sasa kuuliza ripoti yenyewe ni maandishi ya namna gani.

II. Gunia na bonde

Ili hoja isibaki hewani, yafaa kuweka mifano miwili. Mifano hii imetungwa kwa ajili ya uhakiki huu, wala si ya mwanafunzi wala shule yoyote; lakini mwalimu aliyewahi kusahihisha ripoti za namna hii hatashindwa kuitambua.

Mfano wa kwanza ni wa viazi. Katika vijiji vya milima ya Uporoto viazi mviringo huuzwa kwa gunia, na gunia lenyewe aghalabu ni lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake. Wakala wa Vipimo amekuwa akiwakataza watu jambo hili kwa miaka mingi, kwa kuwa kipimo halali cha mazao ya shamba hakipiti kilo 100 kwa gunia. Ripoti ya mwanafunzi juu ya jambo hilo yaweza kusomeka hivi:

"Ilibainika kuwa kipato cha wakulima kimekuwa kikiathiriwa kwa kiasi kikubwa na changamoto za ufungashaji na upimaji wa mazao."

Kijana huyo huyo, akiulizwa na mwenzake njiani, atasema hivi:

"Mnunuzi huja na gunia lake. Likijaa hadi mdomoni hashoni. Huongeza wavu juu kama kilemba, akaendelea kujaza. Bei ni ya gunia moja, viazi ni vya gunia moja na nusu."

Katika maneno ya kwanza hapana kosa la sarufi. Upatanisho wa ngeli ni sawa, tahajia ni sawa, na mwalimu hana pa kuweka wino mwekundu. Lakini yatazame yaliyopotea. Ilibainika: kwa nani? Kimekuwa kikiathiriwa: na nani? Kauli ya kutendwa ina kazi yake katika Kiswahili, tena kazi njema, pale mtendaji asipojulikana au asipohitajiwa. Hapa mtendaji ajulikana na kijiji kizima; huja na lori. Kauli ya kutendwa imemficha mnunuzi, na neno *changamoto* limeificha dhuluma yenyewe. Neno hilo lilikuwa na maana ya jambo limtialo mtu ari ya kujitahidi. Siku hizi limekuwa pazia la kufunikia kila tatizo lisilotakiwa kutajwa kwa jina lake. Na neno *lumbesa*, ambalo mkulima, mnunuzi, dalali na mkaguzi wote hulitumia, halimo kabisa.

Maneno ya pili yana vitu ambavyo mwanaisimu hapaswi kuvipita bila ya kuvitazama. Kijana ametumia *hu-* kwa jambo la kawaida, *-ki-* kwa sharti la jambo kutokea, na *-ka-* kwa tendo lifuatalo. Viambishi hivi vitatu ndivyo vyombo ambavyo Kiswahili kimeviandaa kwa kueleza utaratibu wa kazi: lifanyikalo siku zote, lini hufanyika, na nini hufuata. Kijana anavyo mdomoni. Ripoti humnyang'anya, ikamwachia *-li-* na *-me-* pamoja na kauli ya kutendwa, naye hulazimika kueleza kazi ya watu kana kwamba ni hali ya hewa.

Mfano wa pili ni wa Iringa, na uzito wake ni mkubwa zaidi. Vinyungu ni bustani za mabondeni ambazo hulimwa wakati wa kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini, zikapandwa mahindi, maharage na mboga. Kwa nyumba nyingi ndizo chakula cha miezi ya njaa, na pia ndizo ada ya shule. Kwa upande wa pili iko Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ikatazayo shughuli za kudumu za kibinadamu katika mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kila kijana wa mabonde hayo amewasikia wakubwa wakishindana juu ya mita hizo.

Sasa mwanafunzi aagizwe kazi mradi juu ya utunzaji wa mazingira. Ripoti yaweza kuandika hivi: "Eneo la bonde limelimwa na wanajamii, jambo linalopelekea uharibifu wa vyanzo vya maji." Sentensi hii imekwisha kumhukumu mama wa mwandishi kabla ya ushahidi kusikilizwa. Na kosa halikutoka katika chuki, bali limetoka katika msamiati. Badala ya *vinyungu* limewekwa *eneo la bonde*. Badala ya watu wenye majina, *wanajamii*. Swali ambalo sheria yenyewe yaliuliza, yaani kama shughuli hiyo ni ya kudumu au la, haliwezi hata kuulizwa, maana neno lililobeba jibu limeondolewa. Kinyungu kilimwacho kiangazi tu na kuachwa masika si kitu kimoja na shamba lilimwalo mwaka mzima. Huenda bondeni hapo vipo vyote viwili. Ndilo jambo ambalo kazi mradi ilipaswa kulichunguza.

Liko na jambo la sarufi hapa. Kihehe na Kinyakyusa, kama lugha nyingi za Kibantu, hutenga mahali kwa namna tatu, *pa-*, *ku-* na *mu-*, nacho Kiswahili kimezihifadhi katika upatanisho. *Bondeni pamelimwa* ni mahali maalumu pawezapo kuonyeshwa kwa kidole. *Bondeni kumelimwa* ni upande ule, bila ya mpaka. *Bondeni mmelimwa* ni ndani mwake. Kijana wa Iringa amezaliwa na tofauti hizo masikioni. Katika ubishi juu ya mita 60, tofauti ya *pa* na *ku* ndiyo kiini cha ubishi. Lakini ripoti imefundishwa kusema *eneo limelimwa*, na tofauti zote tatu zimezikwa katika kaburi moja.

III. Sababu tatu

Sababu ya kwanza ni safari ya lugha. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na Kiingereza kimebaki katika sekondari. Basi habari ya mradi husafiri hatua tatu. Mzee husema kwa Kihehe, Kibena, Kisafwa au Kinyiha. Kijana huikumbuka na kuijadili na wenzake kwa Kiswahili. Kisha huiandika kwa Kiingereza akiwa na maneno machache mkononi. Kila hatua hutoza ushuru. Lumbesa huwa ufungashaji mbaya, vinyungu huwa kilimo cha ardhi oevu, nao ulanzi, pamoja na kazi yote ya kugema mianzi na kukinga kwa mbeta, huwa pombe ya kienyeji tu. Na hata ripoti iandikwapo kwa Kiswahili, mara nyingi Kiswahili chenyewe kimekwisha kupitia Kiingereza na kurudi. *Linalopelekea* na *kwa kiasi kikubwa* si maneno ya barabara ya Tukuyu wala ya soko la Mafinga.

Sababu ya pili ni kielelezo, na hapa wenye vyuo vikuu yawapasa wainamishe vichwa. Mwanafunzi wa kidato cha tatu hakuzaliwa akisema *utafiti huu ulilenga kubaini*. Amelipata kwa mwalimu wake, naye mwalimu alilipata chuoni, katika tasnifu ambazo wasimamizi walizipitisha. Sura za ripoti, yaani utangulizi, madhumuni, njia, matokeo na hitimisho, ni sura za tasnifu zilizofupishwa, kama kanzu ya baba iliyokatwa mikono ili avae mtoto. Kanzu ya namna hiyo haimkai mtoto, wala baba hana tena kanzu. Wazee waliohojiwa huwa *wahojiwa*, wakapewa namba. Kijana aliyemwendea babu yake na kumwamkia *kamwene*, au kule Rungwe *ugonile*, akakaa chini kabla ya kuuliza, huandika kwamba *mhojiwa wa 3 alieleza*. Heshima ile haikuwa mapambo. Ilikuwa sehemu ya njia ya uchunguzi, maana ndiyo iliyomfanya mzee aseme. Ikiondolewa katika maandishi, msomaji hawezi kupima kwa nini mzee alisema hili na kunyamazia lile.

Sababu ya tatu ni kukosa msomaji. Ripoti husomwa na mwalimu mmoja, ikapewa alama, ikawekwa kabatini. Wakulima waliohojiwa hawaioni. Mtu aandikaye kwa ajili ya alama hujifunza kuwa salama. Hujifunza maneno yasiyoweza kupingwa kwa kuwa hayasemi kitu. Katika nchi nyingine jambo hili limefikiriwa mapema. Célestin Freinet, katika shule ya Bar-sur-Loup kusini mwa Ufaransa, alianza mwaka 1924 kupiga chapa maandishi ya watoto kwa mashine ndogo darasani, ili yasomwe na watoto wenzao na wazazi. Huko Rabun Gap, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, wanafunzi wa sekondari walianzisha mwaka 1966 jarida la *Foxfire*. Waliwaendea wazee wa milimani, wakayachapa maneno yao kwa lafudhi yao, na kitabu cha kwanza kilichotokana na jarida hilo kilipotoka mwaka 1972 kilisomwa mbali sana na milima ile. Vijana hao hawakuwa na akili kuliko wa Mufindi. Walikuwa na msomaji.

Hata Tanzania mfano haukukosekana. Mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wa historia wa chuo cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, walitumwa vijijini kukusanya kumbukumbu za Vita vya Maji Maji, na kazi zao zikakusanywa. Wanahistoria wangali wakizitumia. Nazo ziliandikwa kwa Kiingereza, ingawa wazee hawakusema Kiingereza; lakini ziliandikwa na vijana wenyewe, zikiwa na jambo la kusema na watu waliotaka kulisikia. Hapo ndipo zilipoipita Malangali.

IV. Hoja za upande wa pili

Wako wasemao kwamba mwanafunzi atapimwa kwa Kiingereza, na kwa hiyo kila karatasi aiandikayo kwa Kiswahili ni nafasi ya mazoezi iliyopotea. Hoja hii haistahili kudharauliwa. Mzazi aliyeuza viazi kwa lumbesa ili alipe ada ana haki ya kutaka mtoto wake afaulu. Lakini hoja yachanganya mambo mawili, kutunga na kufasiri. Mwanafunzi asiyekwisha kulitunga jambo katika lugha aijuayo hana cha kufasiri. Hukopa sentensi tupu na kuziunga. Akiliandika kwanza kwa Kiswahili, likasimama, ndipo afasiri, atakuwa amefanya mazoezi ya Kiingereza yaliyo magumu na yenye faida zaidi, kwa kuwa atalazimika kutafuta neno la kitu anachokijua badala ya kutafuta kitu cha kufaa neno alilokariri.

Wengine, nao ni wapenzi wa Kiswahili, huogopa kwamba maneno ya kienyeji yakiruhusiwa yataharibu Kiswahili Sanifu. Hofu hii yafaa kujibiwa kwa historia. Kiswahili Sanifu kilisimamishwa juu ya Kiunguja na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, lakini hakikufungiwa Unguja. Wanasarufi wenyewe hutumia neno *ngeli*, nalo limetoka Kihaya. Neno *ng'atuka* lilitoka Kizanaki, na tangu Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985 hapana asiyelijua. *Vinyungu* limekwisha kuvaa ngeli ya *ki-/vi-* bila ya kuombewa ruhusa na mtu. Hatari kwa Kiswahili Sanifu haiko katika neno lenye kitu nyuma yake. Iko katika neno kama *changamoto* linapotumiwa mara kumi katika ukurasa mmoja bila ya kitu chochote nyuma yake.

Hata hivyo wapenzi hao wana neno moja la kweli. Maneno ya kienyeji hayapaswi kumwagwa katika ripoti kama kokoto. Kinyakyusa kina irabu 7, na Kiswahili kina 5. Kijana aandikaye neno la Kinyakyusa kwa herufi za Kiswahili hana budi kulisikiliza vizuri, kulieleza maana yake, na kusema limesikiwa wapi na katika kazi gani. Hiyo si kazi ndogo, wala si ya kumshinda mwanafunzi wa sekondari. Kinyume chake makosa ya *l* na *r*, ambayo ndiyo humalizia wino mwekundu wa walimu wengi, ni makosa mepesi. Hurekebishwa katika nakala ya pili. Sentensi isiyo na mtendaji hairekebishwi kwa kubadili herufi.

V. Yawapasayo wanaofundisha

Nafasi ya kuanzia ipo tayari. Mtaala ulioboreshwa umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, nalo hufundishwa kwa Kiswahili. Somo hili, pamoja na somo la Kiswahili lenyewe, laweza kuwa nyumba ya kazi mradi iandikwayo kwa lugha ambayo habari ilipatikana. Iringa haina upungufu wa mambo. Fuvu la Mkwawa lilirudishwa Kalenga mwaka 1954, na wako wazee waliosikia habari za siku ile kwa wazazi wao. Maneno yao hayafai kugeuzwa kuwa *umuhimu wa kihistoria*. Mbeya nayo ina kahawa, mpunga, viazi na mpaka, na kila kimoja kina maneno yake ya kazi ambayo kamusi hazijayapokea.

Kwa mwalimu asahihishaye, yatosha aulize maswali machache kabla ya kuweka alama. Katika kila sentensi, nani alitenda? Kitu kilichotajwa kina jina gani kwa wale wakitumiao, na je, jina hilo limeelezwa? Mahali ni *pa*, ni *ku* au ni *mu*? Na mwisho: je, yule mzee au yule mama aliyetoa habari, akisomewa ukurasa huu, atatambua kwamba ni maneno yake, na ataweza kusema kwamba hapa mmekosea? Swali hili la mwisho ndilo lenye uzito kupita yote, nalo laweza kutimizwa kwa gharama ya jioni moja: ripoti isomwe kijijini kabla ya kufungwa. Wakulima watabisha. Ubishi wao uandikwe katika ripoti.

Kwa vyuo na taasisi za lugha neno ni jingine. Haifai kuwalaumu vijana kwa kuiga tasnifu na huku tasnifu zenyewe zaendelea kupitishwa kama zilivyo. Taasisi ikusanyayo istilahi za sayansi kwa kufasiri za Kiingereza ingefanya vema pia kuziomba shule za Mufindi, Kilolo, Rungwe na Mbeya Vijijini zilete, mwaka kwa mwaka, maneno ya kazi yaliyokusanywa na wanafunzi katika miradi yao, pamoja na maelezo na mahali yaliposikiwa. Kazi ya kuyapima na kuyapanga ingekuwa ya wataalamu. Jina la shule na la mkusanyaji likawekwa. Hapo mwanafunzi angekuwa na msomaji anayemhitaji, nao wataalamu wangepata habari ambazo hawawezi kuzipata wakiwa mezani.

Mumford aliwaita wazee shuleni, na katika hilo alikuwa na haki. Lililobaki tangu Malangali ni kumwachia kijana kalamu wakati mzee anaposema, kisha kumwacha aandike *lumbesa* kama ni lumbesa.